Ng'ombe Mkali na Mwenyewe Aliyeonywa: Uhakiki wa Kupima Sumu kwa Tishu za Ubongo Zilizooteshwa Maabara

Katika sheria walizopewa wana wa Israeli kuna kifungu ambacho sisi watu wa Simiyu, wakulima na wafugaji, tunakielewa bila kufafanuliwa sana. Kinapatikana katika Kutoka 21, kuanzia mstari wa 28. Ng'ombe akimpiga mtu pembe hata akafa, ng'ombe anauawa, lakini mwenye ng'ombe hana hatia. Kama ng'ombe huyo alijulikana tangu zamani kuwa mkali, mwenyewe akaonywa na bado asimfunge, hukumu inabadilika, na sasa mwenye ng'ombe naye anadaiwa damu. Ng'ombe ni yule yule na pembe ni zile zile. Kilichobadilisha hukumu ni onyo.

Tumekichagua kifungu hiki kuwa kipimo cha uhakiki wetu. Kazi tunayoihakiki ni upimaji wa kemikali kwa kutumia vipande vidogo vya tishu ya ubongo wa binadamu vilivyooteshwa katika maabara, ili ijulikane mapema kama kemikali fulani inadhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Habari hizi zimekwisha kufika kwenye simu za vijana wetu hapa Mwamanyili, na katika mazungumzo baada ya ibada tumesikia pande mbili. Wengine wanasema ni machukizo, kwamba sasa wanadamu wanaumba ubongo. Wengine wanasema hii ni sayansi, kanisa halina la kusema. Hatukubaliani na upande wowote kati ya hizo. Tunaona kwamba kazi ya tishu hizi ni kutoa onyo, na thamani yake ipimwe kwa kuuliza onyo hilo limemfikia nani na amelifanyia nini.

Kazi yenyewe ni ipi

Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kwa panya, na mwaka 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya kawaida ya ngozi inaweza kurudishwa nyuma hadi hali yake ya mwanzo, na kutoka hapo ikageuzwa kuwa seli ya moyo, ya ini au ya ubongo. Mwaka 2012 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Mwaka 2013 Madeline Lancaster na Juergen Knoblich, wakifanya kazi huko Vienna, Austria, walieleza jinsi walivyootesha seli za namna hiyo zikajipanga zenyewe na kuwa vifundo vinavyofanana na sehemu za ubongo wa mimba changa.

Vifundo vinavyotumika kupima sumu ni vidogo zaidi. Vile vinavyooteshwa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, havifiki hata nusu milimita. Punje ya ulezi ni kubwa kuliko kimoja. Hata hivyo ndani yake mna seli za neva zinazopelekeana ishara za umeme, na seli nyingine zinazozihudumia. Vinakuzwa kwa muda wa wiki kama 8, vingi kwa pamoja na vyote vya namna moja. Kisha baadhi vinawekewa kemikali kidogo, vingine haviwekewi, halafu watafiti wanalinganisha.

Nguvu ya njia hii ilionekana katika jambo lenye mzizi ng'ambo ya ziwa letu. Virusi vya Zika vilitambuliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda, katika damu ya kima aliyewekwa msituni na watafiti wa homa ya manjano. Kwa miaka mingi vilihesabiwa kuwa vinaleta homa nyepesi tu. Mwaka 2015 huko Brazili walianza kuzaliwa watoto wengi wenye vichwa vidogo kupita kiasi. Mwaka 2016 watafiti waliviingiza virusi hivyo katika vifundo vya ubongo, wakaona vinashambulia seli changa ambazo ndizo huzaa seli za neva, na vifundo vikadumaa. Madaktari waliokuwa wakishuku sasa wakapata jambo la kuonyesha.

Kwa upande wa kemikali tutazame utafiti mmoja. Mwaka 2021 watafiti wa Johns Hopkins na wenzao walichapisha kazi juu ya klopirifosi, sumu ya kuua wadudu. Walitengeneza vifundo vya aina mbili: vya kawaida, na vingine ambavyo jeni moja iitwayo CHD8 ilikuwa imepunguzwa nguvu. Jeni hiyo inajulikana kuwa na uhusiano na usonji. Walipoweka klopirifosi, protini inayotokana na jeni ile ilipungua katika vifundo vyote, na ikashuka zaidi katika vile ambavyo tayari vilikuwa na upungufu. Kemia ya ndani ya vifundo nayo ilibadilika. Kwa lugha nyepesi, sumu na udhaifu wa kurithi viliongezana. Utafiti huo hausemi kwamba klopirifosi ndiyo sababu ya usonji. Unaonyesha kwamba mtoto mmoja anaweza kuumizwa na kiasi ambacho mwenzake angekivumilia, na hilo kwetu ni jambo zito.

Kwa nini ilihitajika

Anayesema kwamba njia za zamani zilitosha hajasoma historia yake. Dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi iliuzwa Ujerumani Magharibi kuanzia mwaka 1957, na wajawazito waliitumia kutuliza kichefuchefu. Ilipoondolewa sokoni mwaka 1961, watoto zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wameathirika, wengi wakizaliwa na mikono au miguu mifupi. Panya hawadhuriki na dawa hiyo jinsi mtoto wa binadamu anavyodhurika.

Mfano wa pili unatugusa zaidi sisi tunaopokea mbegu zilizopakwa dawa. Mwaka 1971 Iraki ilipokea mbegu za ngano na shayiri zilizowekwa dawa ya ukungu yenye zebaki, zikiwa zimetiwa rangi ili watu wajue si chakula. Maandishi ya magunia yalikuwa ya Kiingereza na Kihispania. Wakulima waliokuwa na njaa waliziosha, rangi ikatoka, wakadhani sumu nayo imetoka, wakaoka mikate. Watu zaidi ya 6,500 walilazwa na 459 walifia hospitalini. Baadaye ilionekana kwamba baadhi ya akina mama waliopona, hata wale walioonyesha dalili chache, walizaa watoto wenye ubongo ulioharibika. Sumu ilimpita mama ikamwangukia mtoto.

Klopirifosi nayo ina historia ya namna hiyo. Iliingia sokoni mwaka 1965. Huko New York watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walifuatilia watoto ambao mama zao, wengi wao weusi na wahamiaji kutoka Jamhuri ya Dominika, walikaa katika nyumba zilizopuliziwa dawa za mende. Mwaka 2011 walieleza kwamba watoto waliokuwa na klopirifosi nyingi zaidi katika damu ya kitovu walipata alama za chini katika vipimo vya akili na kumbukumbu walipofika miaka 7. Umoja wa Ulaya uliizuia mwaka 2020. Mwezi Mei 2025, huko Geneva, nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, Tanzania ikiwa mmojawapo, ziliiweka katika orodha ya kemikali za kuondolewa duniani, ingawa ziliacha ruhusa za muda kwa baadhi ya matumizi.

Tangu 1965 hadi 2025 ni miaka 60. Muda huo wote sumu hiyo ilikuwa ikipimwa, ila kipimo kilikuwa ni watoto wa wafanyakazi wa mashambani na wa nyumba za kupanga, na hakuna mama yeyote aliyeombwa ridhaa. Mkristo anayeshtuka kusikia kwamba tishu ya ubongo imewekewa sumu katika sahani ya maabara, na ashtuke kwanza kwamba mtoto mzima, mwenye jina na ubatizo, aliwekewa sumu hiyo hiyo na hakuna aliyeita jambo hilo jaribio. Kwa sababu hii tunaikubali njia mpya. Ni heri ng'ombe ajulikane ukali wake zizini kabla hajatoka barabarani.

Je, ni kumchezea Mungu?

Swali hili ni la haki na halistahili kuchekwa. Tunalijibu kwa sehemu tatu.

Kwanza, tishu zinatoka wapi. Seli za Yamanaka hutoka kwa mtu mzima aliyetoa kipande cha ngozi au damu kidogo, na hakuna mimba inayoharibiwa. Lakini si maabara zote zinatumia seli hizo tu. Zipo zinazotumia pia seli zilizozalishwa kutoka kwenye viinitete, njia iliyoanza mwaka 1998 kwa kazi ya James Thomson huko Wisconsin, Marekani. Kwa sisi tunaosoma Zaburi 139 na kuamini kwamba Mungu anamjua mtu tangu akifumwa tumboni, tofauti hiyo ni kubwa. Kanisa linaweza kuunga mkono njia ya kwanza, likaendelea kuikataa ya pili, na kuwataka watafiti waseme wazi wametumia ipi.

Pili, aliyetoa seli aliulizwa? Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins hiyo hiyo, seli za Henrietta Lacks, mama mweusi aliyekuwa akifa kwa saratani, zilichukuliwa bila yeye kuambiwa. Seli hizo bado zinakua katika maabara duniani kote na zimewatajirisha wengi. Mwaka 2023 ndipo familia yake ilipofikia makubaliano na kampuni moja iliyokuwa ikiziuza. Siku watafiti watakapokuja kutafuta damu na ngozi za watu wa kanda yetu, na tunaamini siku hiyo itafika, tusiwafukuze. Tuwaulize kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma inapobidi: zitatumika wapi, nani atafaidi, na mtu akibadili nia afanyeje.

Tatu, kifundo chenyewe ni nini. Hakina macho, hakina mwili, hakijazaliwa wala hakitazaliwa. Kukiita mtoto ni kukosea, kwa sababu kunashusha maana ya mtoto. Lakini kukiita uchafu wa sahani nako ni kukosea, kwa kuwa ni nyama ya binadamu, na hata kiungo kilichokatwa hospitalini hatukitupi kwa mbwa. Mpaka tunaoutaka unahusu makusudi. Mwaka 2022 watafiti wa Melbourne, Australia, walitangaza kwamba wamezifundisha seli za neva sahanini kucheza mchezo wa kompyuta, na mwaka 2023 wanasayansi wa Johns Hopkins walieleza mpango wa kutumia vifundo vya ubongo kama kompyuta hai. Kupima sumu ili kumlinda mtoto ni jambo moja. Kukuza ubongo mkubwa zaidi na zaidi ili ufanye kazi ya mashine ni jambo lingine, na hatuoni kwamba ruhusa ya lile la kwanza inalifungulia mlango la pili.

Upungufu wake

Sasa tuhakiki kazi kwa upande wa udhaifu, maana sifa peke yake si uhakiki.

Kifundo hakina mama. Hakina kondo la nyuma, hakina ini, hakina damu inayozunguka. Klopirifosi ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa kitu kikali zaidi, na kwa sababu hiyo watafiti wa mwaka 2021 ilibidi waweke vyote viwili kila kimoja peke yake. Kifundo pia hakijapata malaria, hakina upungufu wa damu, hakijalala njaa mwezi wa pili wakati ghala limekwisha. Mama wa Simiyu hukutana na sumu akiwa na vyote hivyo, na sumu zenyewe huwa si moja. Shambani kuna ya wadudu, nyumbani kuna ya mbu, na kwa ndugu zetu walio kwenye machimbo madogo ya dhahabu kanda hii ya ziwa kuna zebaki.

Tena seli zinazotumika katika maabara hizo kwa sehemu kubwa zimetoka kwa watu wachache, wengi wao wenye asili ya Ulaya. Ikiwa utafiti wenyewe unafundisha kwamba kurithi kunabadilisha ukubwa wa madhara, basi kipimo ambacho hakina watoto wa Afrika ndani yake kimeacha sehemu kubwa ya wanadamu nje.

Kwa hiyo matokeo yasomwe kwa uangalifu wa namna mbili. Kifundo kikidhurika, hilo ni onyo la kweli na lifanyiwe kazi. Kifundo kisipodhurika, hicho si cheti cha usalama. Wanasayansi makini wanajua hili. Mwaka 2023 Shirika la OECD, linalounganisha nchi tajiri katika mambo ya uchumi, lilipotoa mwongozo wa kwanza wa vipimo vya seli kuhusu ubongo unaokua, lilishauri kutumia mkusanyiko wa vipimo vingi. Hofu yetu ni kwa muuzaji. Kipimo kilichobuniwa kufichua hatari kinaweza kugeuzwa kuwa cha kusafishia jina la bidhaa. Mwaka 2018 watafiti wa Sweden na wenzao walichapisha uchambuzi wa jaribio la zamani la panya kuhusu klopirifosi, lililogharimiwa na mtengenezaji. Waliona dalili za mabadiliko ya ubongo katika takwimu ambazo ripoti ya jaribio ilizihitimisha kwa namna ya kutuliza wasiwasi. Anayeshika sahani na kulipia jaribio naye anahitaji kuhakikiwa.

Onyo linaishia wapi

Hapa ndipo lawama yetu kubwa ilipo.

Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Msimu ukifika, mbegu na dawa hupitia vyama vya msingi, yaani AMCOS, na bomba la mgongoni huzunguka kutoka nyumba hadi nyumba. Hatusemi kwamba kila chupa inayofika ina klopirifosi. Dawa za pamba ni za aina nyingi, na klopirifosi imeuzwa nchini kwa miaka mingi kwa majina tofauti, kwa mboga, mahindi na mchwa. Tunachosema ni kwamba mpuliziaji hana namna ya kujua ipi kati ya chupa hizo inahusu mimba.

Tazameni lebo. Chini yake kwa kawaida kuna mstari wa rangi: nyekundu, njano, bluu au kijani. Tumezoea kuambiwa nyekundu ni hatari sana na kijani ni nafuu. Rangi hizo zinafuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani, na madaraja hayo yamepangwa hasa kwa kuangalia sumu inayoua au kuugulisha upesi, mtu akiinywa au ikimwagika kwenye ngozi. Klopirifosi iko daraja la pili, rangi ya njano. Rangi inazungumza juu ya mtu mzima anayeweza kuanguka leo. Haisemi habari za mtoto atakayeshindwa kusoma miaka 7 baadaye. Kwa hiyo mama anaweza kuitii lebo kikamilifu na bado asiwe ameonywa.

Turudi kwenye Kutoka 21. Nani ameonywa? Mtengenezaji ameonywa, tangu watoto wa New York. Serikali zilizokaa Geneva zimeonywa. Msomi anayesoma majarida ameonywa. Anayesimama mbele ya pembe hajaambiwa. Sheria ya Musa haikumtaka mpita njia ajue tabia za ng'ombe wa watu. Ilimtaka mwenye ng'ombe amfunge. Siku hizi tumegeuza. Tunamwambia mkulima avae glovu na barakoa ambazo hana, halafu akiugua tunasema hakufuata maelekezo. Kila kifundo kinachooteshwa Baltimore kinaongeza ujuzi, na ujuzi unaongeza hatia ya wenye uwezo wa kuzuia. Ikiwa kazi ya watafiti inaishia kwenye kurasa za majarida, basi imeongeza idadi ya wanaojua na kunyamaza.

Nchi yetu haijakaa bila chombo. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, yenye makao Arusha, ambayo husajili viuatilifu na inaweza kuvikataa. Mamlaka hiyo haihitaji kujenga maabara ya vifundo ili ifaidi matokeo yake. Inatosha kumwambia anayetaka kusajili dawa: leta ushahidi juu ya ubongo wa mtoto tumboni, na tuoneshe nani alilipia ushahidi huo.

Mama asibebeshwe mzigo

Katika Yohana 9 wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakamuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Swali hilo bado linaulizwa katika vijiji vyetu kila mtoto anapochelewa kusema, anapokuwa mzito wa masomo au anapoanguka kifafa. Linajibiwa kwa mkosi, kwa laana ya ukoo, kwa kulogwa, na mara nyingi jibu linamwishia mama. Wako akina mama walioachwa na waume zao kwa sababu hiyo, na wako waliouza ng'ombe na mbuzi kwa waganga.

Sayansi tunayoihakiki ina neno la faraja hapa, na pia hatari. Faraja ni kwamba inatufundisha kuwa ubongo wa mtoto unaweza kuguswa na kitu kilichotengenezwa kiwandani mbali sana, ambacho mama hakukiona wala kukijua jina. Hatari ni kwamba tunaweza kuacha kusema amelogwa, tukaanza kusema alikwenda shambani akiwa na mimba. Aende wapi? Pamba ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Mhubiri atakayetumia makala hii kumshutumu mama atakuwa ameisoma kinyume. Tena si kila ulemavu unatokana na sumu. Upo unaotokana na homa ya uti wa mgongo, na uchungu uliochukua muda mrefu, na mambo ambayo hakuna daktari anayeyajua. Yesu hakuwapa wanafunzi mtu wa kulaumiwa. Alimshughulikia yule aliyekuwa mbele yake.

Tunachoshauri

Kwa ushirika wetu na shirika za jirani tunapendekeza mambo manne.

La kwanza, kabla ya msimu wa kupulizia, tangazo litolewe kanisani baada ya ibada, kwa Kiswahili na Kisukuma: mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasishike bomba, wasichanganye dawa na wasifue peke yao nguo za kupulizia. Wanaume wa kanisa wakubali kwamba kazi hiyo ni yao, na mjane asiye na mtu asaidiwe na vijana.

La pili, dawa isilale chumba kimoja na watu, na chupa tupu isitiwe maziwa, mafuta ya taa wala maji. Wazee wa kanisa walio katika bodi za AMCOS waulize chupa hizo zinarudishwa wapi, na jibu liletwe mbele ya ushirika.

La tatu, uongozi wa kanisa ngazi ya juu uiandikie TPHPA kwa heshima, ukiomba lebo za Kiswahili zitaje hatari kwa mimba pale inapojulikana, kando ya mstari wa rangi. Makanisa yana hospitali na shule nyingi katika kanda hii. Sauti yao inasikika.

La nne, familia zenye watoto waliochelewa kukua zitembelewe. Waende watu wawili wawili, na waende na msaada: sare, nauli ya hospitali, siku moja ya kumlea mtoto ili mama apumzike au alime. Wasiende kuuliza chanzo.

Kwa watafiti wa mbali, kama maneno haya yatawafikia, tunasema endeleeni na vifundo vyenu kwa uaminifu, semeni seli zimetoka wapi, na mkipata jibu litafsirini. Jibu la Kiingereza juu ya dawa inayotumika katika shamba la Msukuma bado ni gunia la Iraki.